Vyakula vya India mkoa kwa mkoa: maswali mnayoniuliza kila siku

Tangu nirudi Tanga kutoka Hyderabad maswali ni yaleyale, shemeji anauliza, jirani anauliza, mpaka wateja dukani wanauliza, kwa hiyo nimeona niyaweke yote sehemu moja. Kule nilikaa miaka minne nasoma, nimepanga chumba kwa familia moja ya Kiislamu karibu na mji mkongwe, na wenzangu wa chuoni walikuwa wanatoka Kerala, Bengal, Gujarat na Punjab, likizo ikifika napanda nao treni naenda kula kwao. Ila mengi nimejifunzia jikoni kwa mama mwenye nyumba, nilikuwa namwita Anti kama wanavyoitana kule.

Kwani chakula cha Kihindi ni kipi hasa?

Kimoja hakuna. India ina majimbo 28 na ukitoka jimbo moja kwenda lingine unaweza kukuta hata jina la chumvi limebadilika, sembuse mboga. Mi nimezoea kuangalia vitu vitatu tu: mafuta gani yako kwenye karai, nafaka gani iko kwenye sahani, na uchachu unatoka wapi. Ukikuta mafuta ya haradali, wali mweupe na samaki wa mtoni ujue uko Bengal. Mafuta ya nazi, wali wa punje nene na uchachu wa kudampuli, lile tunda kavu jeusi lenye harufu ya moshi, hapo ni Kerala. Mafuta ya ufuta na ukwaju ni Tamil Nadu. Mafuta ya karanga, mkate wa uwele, ndimu au kokum, tunda chachu la kukausha, alafu sukari guru juu yake, hiyo Gujarat. Samli na siagi, ngano, nyanya na mtindi, Punjab. Viungo vyenyewe vinafanana sana kila mahali, manjano, bizari nyembamba, giligilani, pilipili, ndo maana mtu akiangalia viungo peke yake anadhani wote wanakula kitu kimoja.

Mbona chakula cha Wahindi wa huku kwetu hakifanani na cha hotelini?

Kwa sababu ni watu wawili tofauti. Wahindi wa Afrika Mashariki wengi asili yao Gujarat, upande wa Kutch na Kathiawar, walikuja na majahazi kwa biashara miaka mingi kabla ya wakoloni. Wapunjabi wengi walikuja na reli ya Mombasa iliyoanza kujengwa 1896, na Wagoa wakaja kufanya kazi za ofisini, ushonaji na upishi. Kwa hiyo chakula cha nyumbani cha Kihindi tulichozoea huku ni cha Gujarat zaidi, kina utamu kidogo, kina dengu na mbaazi nyingi. Lakini ukiingia hoteli ya Kihindi popote duniani, Dar, London au Dubai, menyu kubwa ni ya Punjab na Delhi, kuku wa tanuri, naan, mchuzi wa krimu. Bengal na Andhra na Assam huwezi kuwakuta humo labda kwa bahati. Yani mtu anaweza kula "chakula cha Kihindi" maisha yake yote na asiwe amegusa hata robo ya nchi.

Biriani ya kule ikoje? Ni kama yetu?

Hapa nitakaa kidogo maana ndo swali namba moja.

Ya Hyderabad inaanza na nyama mbichi, wanaiita kacchi, na watu nikiwaambia hawaamini. Anti alikuwa analaza nyama ya mbuzi tangu usiku kwenye mtindi, papai bichi lililosagwa, vitunguu vya kukaanga vikavu kabisa, tangawizi, saumu, iliki, mnanaa na kotimiri. Asubuhi anaitandaza chini ya sufuria nzito hivyohivyo mbichi. Pembeni mchele umechemka nusu tu, anachukua punje moja anaibonyeza kwa kidole, kama katikati bado kuna kiini kigumu anaumwaga maji haraka na kuutandaza juu ya nyama, anamwagia zafarani iliyolowekwa kwenye maziwa na samli. Alafu anakanda unga wa ngano, anausokota kama kamba, anauzungusha ukingoni mwa sufuria na kubandika mfuniko juu yake, mvuke hauna pa kutokea. Makaa chini na mengine juu ya mfuniko. Kuanzia hapo hakuna kufungua kuonja, hakuna kukoroga, anaangalia ule unga tu, ukishakauka na kuanza kupasuka na harufu ikatoka kwenye ufa, ndo anaipua. Nyama imeiva, wali haujashikana, na ukichota unachota kuanzia chini kwenda juu ili kila sahani ipate tabaka zote, wali mweupe, wa njano na wa masala. Inaliwa na mtindi wenye vitunguu na mchuzi mzito wa pilipili nzima uliotiwa karanga na ufuta.

Ya Lucknow ni mpole. Nyama inapikwa kwanza, supu yake inachukuliwa, na mchele unaivia kwenye supu hiyo. Hakuna ukali, kuna harufu, iliki, basibasi, maji ya kewra yanayotoka kwenye maua ya ndugu wa mkadi wetu wa pwani. Mtu wa Hyderabad anasema hii ni pilau imevaa nguo za biriani, mtu wa Lucknow akisikia hivyo mnagombana.

Ya Kolkata inatokana na hiyo ya Lucknow. Mtawala wa Awadh, ufalme uliokuwa na makao Lucknow, Wajid Ali Shah, Waingereza walimnyang'anya ufalme mwaka 1856, akahamia Metiabruz pembeni ya Kolkata na wapishi wake. Huko biriani ikapata kiazi. Wengine wanasema kiazi kiliwekwa kwa sababu hela ya nyama ilipungua, wengine wanasema hapana, viazi siku hizo vilikuwa kitu kigeni cha thamani na kilikuwa heshima. Vyovyote vile, kile kiazi kizima kimenyonya mafuta na zafarani mpaka katikati, na yai la kuchemsha pembeni, kwangu mimi ndo sehemu tamu kuliko nyama yenyewe, nasema bila kuogopa ingawa Anti alininunia nilipomwambia.

Kerala, kule Thalassery pwani ya Malabar, basmati hawaitumii, wanatumia mchele mfupi mwembamba unaoitwa kaima, unanukia wenyewe. Masala yanapikwa peke yake, wali peke yake kwenye samli, ndo vinakutanishwa kwenye mvuke mwishoni, na achari ya tende pembeni. Waislamu wa huko, Wamappila, wamefanya biashara na Waarabu karne nyingi kama sisi. Biriani yetu ya pwani ambayo rojo linakaa huku na wali kule nikiilinganisha na zote nilizokula naiona iko karibu na hii ya Malabar kuliko ile ya Hyderabad, kwa sababu nyama haianzi mbichi chini ya wali. Tamil Nadu nao, mji wa Ambur, wana yao ya mchele wa seeraga samba, punje ndogo kama mbegu za bizari, inaliwa na mchuzi wa biringanya wenye uchachu.

Chapati zetu ni za Kihindi kweli?

Ni za Kihindi ila jina limehama. Chapati ya kule, wengine wanaita roti au phulka, ni unga wa atta, yani ngano isiyokobolewa, na maji, haikunjwi na mafuta, inachomwa kavu kwenye tawa alafu inawekwa juu ya moto mpaka inavimba kama mpira. Hii yetu ya kusukuma, kupaka mafuta, kuviringa kama konokono na kusukuma tena, kule inaitwa paratha, na yenye tabaka nyingi ni lachha paratha. Kwa hiyo ukifika India ukatamani chapati ya nyumbani agiza paratha, ukiagiza chapati utaletewa kitu kikavu na utaona umedanganywa.

Kerala kuna parotta, unga mweupe laini, wanaupiga hewani mpaka unakuwa mwembamba kama shuka, ukiiva wanaugonga kwa viganja viwili tabaka zifunguke, hii na mchuzi wa ng'ombe ni chakula cha wafanyakazi usiku. Punjab majira ya baridi wanakula mkate wa mahindi na mboga ya majani ya haradali, siagi inayeyuka juu. Gujarat na Rajasthan ni uwele, Maharashtra mtama, wanaita bhakri, unapigwa kwa viganja bila kibao.

Je Wahindi wanakula ugali?

Wanakula! Karnataka kusini kuna ragi mudde, na ragi ni wimbi, yani ulezi. Maji yanachemka, unga unaingia, mwiko unasonga, alafu wanaviringa tonge kubwa la duara kama mpira na kukuwekea kwenye sahani na mchuzi mwepesi wa dengu au wa nyama. Tofauti ni moja, hawatafuni. Unakata kipande, unachovya, unameza. Mi nilitafuna siku ya kwanza, mzee aliyekaa mbele yangu akanionyesha kwa mkono kooni kwamba kinashuka chenyewe. Na mnajua wimbi asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu Afrika Mashariki, lilivuka bahari kwenda India maelfu ya miaka iliyopita, na mtama nao ulitoka Afrika. Kwa hiyo tukila mudde pale Karnataka hatuli cha ugenini.

Kachori, sambusa na bajia, zinafanana?

Kachori ndo inachanganya kuliko zote. Hii yetu, kiazi kilichopondwa na ndimu na pilipili, kikachovywa kwenye uji wa unga wa dengu na kukaangwa, kule Mumbai inaitwa batata vada, na ukiiweka ndani ya mkate mdogo na chatne kavu ya saumu inakuwa vada pav, chakula cha mtu anayekimbilia treni. Kachori ya India ni kitu kingine, ni unga wa ngano umejazwa dengu au vitunguu na kukaangwa taratibu mpaka unakuwa mgumu unaokatika. Jodhpur wanajaza vitunguu, Gujarat majira ya baridi wanajaza mbaazi mbichi, hiyo mbaazi mbichi nikiikumbuka natamani kurudi.

Sambusa: ya Punjab ina ganda nene kama la pai, ndani viazi na njegere, ukila mbili umeshiba. Bengal wanaiita shingara, viazi vinakatwa vipande vidogo havipondwi, na karanga humo, baridi ikifika na koliflawa. Hyderabad kuna lukhmi, ya mraba, ya nyama ya kusaga, haikosi harusini. Lakini ile ya manda nyembamba, manda zinasukumwa pamoja na mafuta na unga katikati, zinachomwa kidogo kwenye kikaango alafu zinabanduliwa moja moja, hiyo ndo ya Gujarat na ya Mabohora, na ndo dada wa hii tunayoila futari. Neno lenyewe lilitoka Uajemi, kwa hiyo hata wao waliipokea.

Bajia huku mara nyingi ni kunde au dengu zilizosagwa. Kule bhajia ni kipande cha mboga, kitunguu, kiazi, pilipili kubwa, kilichochovywa kwenye uji wa dengu, na kaskazini wanaita pakora. Ya kunde yetu iko karibu zaidi na vada za kusini.

Ni kweli Wahindi wote hawali nyama?

Sio kweli. Utafiti wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, uliotoka 2021 ulikuta watu wazima 39 kwa 100 wanasema wao hawali nyama kabisa, ina maana wengi wanakula, ingawa wengi wao wana siku za kufunga au aina ya nyama wasiyogusa. Na inategemea uko wapi. Gujarat na Rajasthan utapita mitaa mizima bila kunusa nyama, Kerala, Bengal na Nagaland mtu asiyekula nyama wala samaki ndo wa kutafuta. Wabrahmani, yani Wahindu wa tabaka la makuhani, wa Bengal wanakula samaki na hakuna anayeshangaa, Mbrahmani wa Tamil Nadu akisikia hivyo anashika kichwa.

Majaini, watu wa dini ya Kijaini, wao wameenda mbali zaidi, hawali hata kitunguu, saumu wala kiazi, kwa sababu ukiking'oa unaua mmea na wadudu waliopo udongoni. Ukimwalika rafiki Mjaini muulize kwanza, msijekaa mnamtazama anakunywa maji.

Na rogan josh isiyo na kitunguu ipo?

Rogan josh ni mchuzi mwekundu wa nyama ya kondoo wa Kashmir, na isiyo na kitunguu ipo na ni tamu sana. Kashmir kuna majiko mawili ndani ya bonde moja. Mapandit, yani Wahindu wa huko, wanakula kondoo lakini hawatii kitunguu wala saumu, wanatia mvuje kwenye mafuta ya haradali ya moto, shamari ya unga, tangawizi kavu, mtindi. Waislamu wanatia saumu na vitunguu vidogo vya kwao, na wekundu wanautoa kwenye ua linaloitwa mawal. Pilipili ya Kashmir yenyewe ni nyekundu ya kutisha lakini haiwashi, ni rangi tu.

Harusi za Waislamu wa kule zinapikwa wazwan, watu wanne wanazunguka sinia moja kama sisi tunavyokula kwenye sinia, na vyakula vinafika moja baada ya kingine mpaka gushtaba, mipira ya nyama iliyopondwa kwa nyundo ya mbao mpaka imekuwa laini kama mkate, kwenye mchuzi mweupe wa mtindi. Gushtaba ikifika ujue ndo mwisho.

Samaki je? Mi mtu wa pwani.

Basi nenda Bengal kwanza. Samaki wao ni ilish, anaishi baharini anapanda mto kutaga, ana mafuta mengi na miiba ya ajabu. Wanasaga haradali na pilipili mbichi, manjano, mafuta mabichi ya haradali juu, wanamwivisha kwa mvuke. Haradali inapanda puani machozi yanatoka. Mama wa rafiki yangu kule Kolkata alikuwa anakula huku anaongea nasi, macho hayaangalii sahani, ncha za vidole zinatafuta mwiba ndani ya wali, anauvuta, anaupanga ukingoni mwa sahani, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa chakula kuna safu ya miiba imenyooka kama meno ya chanuo. Mimi nilimaliza nusu saa baada yake. Mboga zao nyingine wanazikaangia mbegu tano nzima, uwatu, habasoda, bizari nyembamba, shamari na haradali, wanaita panch phoron, na hiyo harufu huwezi kuikuta jimbo la kusini.

Goa na Kerala mtajisikia nyumbani kwa sababu ya nazi. Goa wanasaga nazi na pilipili nyekundu kavu, uchachu ni kokum, wali na mchuzi huo ni kila mchana. Kerala wanapikia kwenye chungu cha udongo, kudampuli inaingia, na mchuzi unaachwa ulale, kesho yake ndo mtamu. Pia wana mmoja wa tui jepesi na manjano unaoitwa moilee, mama yangu nilipompikia akasema huyu ni samaki wa nazi tu mbona unamsifia hivyo. Assam kaskazini mashariki hawatii nazi wala masala mengi, samaki wao ni mchuzi mwepesi wa nyanya au ndimu, siku ya joto hakuna kitu kinachokushukia vizuri kama hicho.

Vindaloo msiisahau, maana imeharibiwa jina. Ni ya Wakristo wa Goa, jina ni Kireno, divai na saumu, asili yake nguruwe aliyelazwa kwenye siki na saumu. Hoteli nyingi wanatia viazi kwa sababu wamesikia "aloo" mwishoni ambayo kwa Kihindi ni kiazi. Kiazi hakihusiki.

Sehemu gani chakula kinawasha zaidi?

Andhra na Telangana, hamna ubishi mkubwa hapo, Guntur ndo soko kubwa la pilipili. Kuna mboga yao inaitwa gongura, ni majani ya choya, rozela hiihii tunayotengenezea juisi, wanapika na mbuzi, uchachu na ukali vinakuja pamoja. Rajasthan kuna laal maas, nyama nyekundu kwa pilipili. Nagaland kuna pilipili ambayo mwaka 2007 Guinness waliiandika kuwa kali kuliko zote duniani, jamaa wanaila na nguruwe wa moshi.

Ila pilipili sio ya India. Ilitoka Amerika, ikaletwa na Wareno, pamoja na nyanya na viazi. Vasco da Gama alipita Malindi mwaka 1498 akachukua nahodha wa kumvusha mpaka Calicut, na kabla ya hapo Wahindi ukali waliupata kwenye pilipili manga na tangawizi. Hebu fikiria chakula cha India bila pilipili, nyanya wala kiazi, kilikuwepo hivyo kwa maelfu ya miaka.

Dal ni dal tu, au nayo inabadilika?

Inabadilika kuliko biriani, na inatuhusu zaidi. Dal ni dengu, mbaazi na jamii zake zilizokobolewa, na mchuzi wake pia. Toor dal ni mbaazi zilizokobolewa, na baadhi zinatoka kwetu. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwao, bei ya mkulima ilianguka vibaya huku Tanzania, waliolima Lindi, Mtwara na Manyara wanakumbuka. Kwa hiyo mchuzi wa mbaazi unaoitwa sambar unaousikia huko Chennai unaweza kuwa umetoka shamba la mjomba wako.

Mbaazi hizohizo: Gujarat wanatia sukari guru, kokum na karanga nzima, unakunywa kama supu tamu chachu. Tamil Nadu wanatia ukwaju na maganda ya mlonge, hiyo ndo sambar, haina utamu. Ukivuka Karnataka, Udupi, sambar inapata nazi na sukari guru, na mtu wa Chennai anarudisha bakuli. Punjab mbaazi hawana habari nazo sana, wao ni choroko nyeusi na maharage mekundu juu ya moto mdogo usiku kucha, siagi, krimu, dal makhani. Bengal wanatumia dengu, wanatia vipande vidogo vya nazi ya kukaanga na sukari kidogo. Rajasthan wanachanganya aina tano na kula na baati, madonge ya ngano yaliyochomwa kwenye majivu na kuzamishwa kwenye samli.

Na mseto wetu, wali na choroko, ndo khichdi yao. Gujarat wanakula na mchuzi wa mtindi unaoitwa kadhi, Bengal mvua ikinyesha na ilish wa kukaanga.

Butter chicken ni ya wapi?

Delhi, na ni ya juzi. Baada ya India kugawanywa 1947 wakimbizi kutoka Peshawar walifungua hoteli mtaa wa Daryaganj inaitwa Moti Mahal, kuku wa tanuri akaingizwa kwenye nyanya, siagi na krimu. Nani hasa alianzisha bado wanagombana, mwaka 2024 kesi ilikuwa Mahakama Kuu ya Delhi. Ni tamu, sikatai, ila ukiagiza hiyo kila siku unakosa vingi.

Pani puri, golgappa na puchka ni kitu kimoja?

Muuzaji atakwambia hapana. Kaputo hako kadogo ka kukaanga kanatobolewa kwa kidole gumba, kanajazwa, kanazamishwa kwenye maji yenye viungo, unatia mdomoni lote kwa mpigo. Mumbai ni pani puri, ndani kuna njegere nyeupe za moto na chatne tamu ya tende. Delhi ni golgappa, maji yana mnanaa. Kolkata ni puchka, kaputo ni kakubwa, ndani kiazi kimepondwa na pilipili, maji ni ya ukwaju, hakuna utamu. Odisha wanaita gupchup, sauti ya mdomo wenyewe. Puchka ndo nampa kura yangu, na usisahau kumwomba muuzaji la mwisho kavu, ni la bure.

Vitamu?

Rasgulla, vidonge vya maziwa yaliyogandishwa vinavyolowekwa kwenye shira, ndo yenye kesi. Bengal wanasema ni ya Nobin Chandra Das wa Kolkata, 1868, nyeupe kama sponji. Odisha wanasema yao inatolewa hekalu la Jagannath kule Puri, ni ya kahawia na laini zaidi. Serikali ikawapa Bengal hati ya jina mwaka 2017, na Odisha yao 2019.

Chai?

Maziwa, sukari, tangawizi au iliki, unaijua. Kashmir ni ya pinki na ina chumvi. Tamil Nadu asubuhi ni kahawa ya maziwa inayomiminwa kwa mbali kutoka kikombe kimoja kwenda kingine.

Sawa, nipike nini leo na vitu vya sokoni kwetu?

Pesarattu. Ni dosa, yani chapati ya maji nyembamba, ya Andhra, na nawapendekezea hii kwa sababu dosa ya kawaida inataka mchele na choroko nyeusi zisagwe na zichachuke usiku kucha, nayo kila jimbo wana yao, Tamil Nadu nyembamba inakatika, Mysore inapakwa chatne nyekundu ndani, Davangere nene na siagi. Hii haichachuki, na choroko za kijani zipo kila soko.

Loweka vikombe viwili vya choroko na maganda yake tangu usiku, na kiganja kimoja cha mchele. Asubuhi saga na tangawizi kipande cha kidole, pilipili mbichi mbili, bizari nyembamba kijiko cha chai na chumvi, maji kidogokidogo mpaka uwe uzito wa uji wa maandazi ya maji. Kikaango kiwe cha moto, nyunyiza maji, yakirukaruka punguza moto. Mwaga upawa mmoja katikati na uzungushe kwa mgongo wa upawa kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza, ukinyanyua mkono katikati ya safari unatoboka. Tupia vitunguu vilivyokatwa vidogo na kotimiri, bonyeza kidogo vishike, mafuta kijiko pembeni. Kingo zikianza kunyanyuka zenyewe na rangi ikawa ya kahawia kwa chini, kunja.

Kule inaliwa na chatne ya tangawizi, yani tangawizi ya kukaanga, pilipili kavu, ukwaju na sukari guru vimesagwa pamoja. Wakiijazia upma ya semolina ndani wanaiita MLA pesarattu, jina la wabunge wa jimbo. Mi naila na chatne ya nazi ya kwetu Tanga, Anti nilimtumia picha akajibu nimeikaanga vizuri ila nazi hiyo ni ya watu wa Kerala.